Kinyonga wa Pembe Tatu: Dume na Jike Wake

Maneno yaliyosemwa mbele ya wakulima wa Bijombo siku ya soko



Mara nyingi nimekuja kwenu kusema habari za maharagi na viazi, na namna ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Leo nitasema habari za mnyama mdogo ambaye kila mmoja wenu amemwona, lakini wachache wamemtazama vema. Ni kinyonga, yule mwenye pembe tatu. Najua kwamba wengine watacheka, na wengine watatema mate chini kwa kusikia jina lake. Haidhuru. Sikilizeni mpaka mwisho, kisha mtasema.

Nitaanza kwa jambo nililoliona kwa macho yangu. Wakati wa kulima uliopita nilikuwa nikipita katika mashamba yaliyo kando ya msitu. Nikamkuta mama mmoja amesimama na jembe lake, naye anatazama chini. Mbele ya miguu yake alikuwa kinyonga aliyepasuliwa tumbo, na mayai meupe yametapakaa katika udongo. Nikamwuliza, "Mama, mbona umemwua?" Akanijibu, "Bwana, huyu si yule mwenye pembe. Yule mwenye pembe, marehemu baba yangu alituambia tumwache, maana hana neno na mtu. Lakini huyu asiye na pembe ni wa kabila nyingine. Yeye hashindi mtini, hutambaa chini shambani na kuchimbua mbegu zetu."

Sikumkasirikia mama yule, kwani kosa halikuwa la mkono wake, bali la kutojua. Baba yake alimfundisha neno jema, lakini hakumfundisha nusu ya pili. Yule mwenye pembe na yule asiye na pembe si kabila mbili. Ni mume na mke. Mama yule alimwacha mume miaka yote, na kila mwaka alimwua mke. Basi neno langu la leo ni hilo tu: tujifunze kumtambua dume na jike wa kinyonga huyu, ili tusiharibu kwa mkono wa kuume tulichokihifadhi kwa mkono wa kushoto.

1. Huyu kinyonga ni nani?

Kinyonga huyu hukaa katika milima ya mashariki ya Kongo, na katika milima ya Rwanda, Burundi na Uganda. Hupenda nchi ya baridi yenye ukungu, miti na vichaka, kama huku kwetu juu. Kule chini Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, maji yako metri 773 tu juu ya bahari, na jua ni kali. Huko si makao yake. Akiwa mtu mzima, tangu pua hata ncha ya mkia, hufika sentimetri 30 hivi, yaani zaidi ya shibiri moja.

Macho yake mawili hutazama kila moja upande wake, hili mbele na lile nyuma. Vidole vyake vimegawanyika makundi mawili, navyo hushika kijiti kama koleo la mhunzi. Ulimi wake ni mrefu kama mwili wake au zaidi. Huutupa mbele ghafula, ukamnasa mdudu, ukarudi kinywani kabla hujapepesa macho.

Mwaka 1901 mtaalamu mmoja wa wanyama, jina lake Boulenger, mzaliwa wa Bruxelles aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la London, aliandika habari zake na kumpa jina la Johnston, Mwingereza aliyekuwa mtawala mkubwa wa Uganda siku zile. Mwaka ule ule okapi wa misitu ya Kongo naye alipewa jina la mtu huyo huyo. Leo wataalamu humwita kinyonga wetu Trioceros johnstoni. Neno la kwanza limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni pembe tatu. Lakini angalieni, jina hilo laweza kumdanganya mtu, kwani majike wote wa kinyonga huyu hawana pembe hata moja.

2. Alama za dume

Alama ya kwanza ni pembe. Dume mzima ana pembe tatu. Moja inatoka juu ya pua, na mbili zinatoka mbele ya macho, moja kila upande. Zote zinaelekea mbele. Ukizitazama karibu utaona zina pete pete tangu shina hata ncha, na nje ni kitu kigumu cha namna ya kucha zetu.

Alama ya pili iko katika mkia. Tazama mahali mkia unapoanza, nyuma ya miguu. Dume amevimba kidogo mahali hapo, kwa sababu viungo vyake vya uzazi vimefichwa ndani. Kisha mkia unapungua polepole. Alama hii yafaa sana, kwani dume mchanga pembe zake bado. Huanza kama vijinundu vidogo, na mtu aweza kumdhania kuwa jike. Naye akiwa mchanga sana, hata mkia hausemi neno. Hapo afadhali kusema "sijui bado" kuliko kusema uongo.

3. Alama za jike

Jike hana pembe. Pua yake ni tupu, na mbele ya macho yake hakuna kitu. Shina la mkia wake ni jembamba, halikuvimba. Wakati wa kubeba mayai tumbo lake hupanuka pande zote mbili, na mara nyingine waweza kuona mayai yamesukuma ngozi kama punje za maharagi ndani ya mfuko.

Sasa sikilizeni jambo kubwa. Siku zake za kutaga zikifika, jike hushuka mtini. Hutembea chini akitafuta udongo laini wenye unyevu kidogo. Akiupata, huchimba kwa miguu ya mbele saa nyingi, hata mwili wake huingia shimoni. Hutaga mayai yake, hufukia, huikanyaga ile ardhi, kisha huenda zake. Hakai kuyalinda kama kuku. Mayai hukaa udongoni miezi, halafu watoto hutoka wenyewe, nao hujua tangu siku ile ya kwanza kupanda kijiti na kunasa wadudu.

Je, udongo laini uko wapi? Uko katika shamba lililolimwa. Ndiyo maana yule mama alimwona jike shambani wala hakumwona dume. Hakuja kula mbegu, kwa kuwa kinyonga hali mbegu wala jani la haragi. Chakula chake ni wadudu. Alikuja kuzaa. Na alipochimba, mwenye shamba alidhani anaiba.

4. Kwa nini dume ana pembe, na jike hana?

Ninyi ni watu wa ng'ombe, na labda ndiyo sababu jambo hili linawapita. Kwa ng'ombe wetu, fahali ana pembe na jike ana pembe. Kwa hiyo mtu akiona mmoja ana pembe na mwingine hana, husema, "Hawa si jamaa moja." Lakini fikirini juu ya mbawala wa msituni: dume ana pembe, jike hana, wala hakuna mwindaji anayesema ni wanyama wawili. Fikirini juu ya jogoo na kuku jike: mmoja ana mkia mrefu na kishungi kikubwa, mwingine mavazi yake ni ya kazi. Fikirini hata juu ya wale mijusi wa miti mnaowaona mkishuka Uvira, ambao dume ana kichwa cha rangi ya buluu, na jike ana rangi ya gome la mti. Hao nao watoto huwahesabu kuwa namna mbili.

Pembe za kinyonga si za kupigana na watu, wala si za kuchimbia, wala si za kunasia wadudu. Ni silaha za madume kwa madume. Wakikutana wawili katika tawi moja, kila mmoja hujikaza, hujitandaza ubavu ili aonekane mkubwa, na rangi zake hung'aa. Kama hakuna anayeogopa, huja karibu, hufungamanisha pembe, na kusukumana kama mafahali katika malisho. Aliye dhaifu hurudi nyuma au huanguka, rangi yake ikawa nyeusi nyeusi, akaenda. Aliyeshinda hubaki na tawi, na jike aliye karibu huwa wake. Basi vizazi kwa vizazi, wenye pembe nzuri walizaa zaidi, wakawarithisha wana wao pembe.

Jike hana mashindano hayo. Kazi yake ni kubeba mayai na kuyapeleka salama mahali pema. Kwa kazi hiyo pembe hazimfai kitu. Afadhali nguvu zake ziingie katika mayai.

Mambo haya yaliwashangaza hata watu wa mbali. Mwaka 1871 mtaalamu Mwingereza Charles Darwin aliandika kitabu juu ya tofauti za dume na jike katika wanyama wote, naye alimtaja kinyonga mmoja wa Afrika ya magharibi ambaye dume wake ana pembe tatu na jike hana. Huyo ni ndugu wa kinyonga wetu.

5. Msichanganye jamaa hizi

Mtu asitoke hapa akisema, "Kila kinyonga asiye na pembe ni jike." La, sivyo. Huku milimani yuko kinyonga mwingine, mdogo, mwembamba, anayekaa katika majani marefu na nyua za mashamba. Huyo, dume hana pembe na jike hana pembe. Tena yeye hatagi, bali huzaa watoto walio hai. Na kule chini katika bonde la Ruzizi yuko mwingine mkubwa, mwenye ngozi iliyokunjuka nyuma ya kichwa kama masikio. Huyo naye hana pembe. Jike ni mkubwa kuliko dume, naye hutaga mayai ishirini, thelathini, na zaidi, akayafukia udongoni.

Katika Tanzania yuko wa namna nyingine, ambaye dume ana pembe tatu na jike ana moja puani. Mungu ameumba kila jamaa na desturi yake. Kwa hiyo mtu asihukumu kwa alama moja. Atazame pembe, atazame shina la mkia, atazame na mwili wote, ndipo aseme.

Wala msihukumu kwa rangi. Rangi ya kinyonga hubadilika kwa jua, kwa baridi, kwa hofu na kwa hasira. Aliye kijani asubuhi aweza kuwa mweusi adhuhuri. Mwenye kumtambua kwa rangi ni kama mtu anayemtambua jirani yake kwa shati.

6. Yatupasayo kufanya

Sitawaambia kwamba kinyonga atawafanyia kazi ya shamba. Vinyonga kumi hawawezi kuzuia viwavi walioingia katika mahindi. Kazi ya kupalilia na kuokota viwavi ni yetu. Lakini kinyonga hula panzi, nzi, viwavi na mende wa majani siku zote za maisha yake, wala hadai mshahara. Naye hana sumu. Kinywa chake hakina sumu, mate yake hayana sumu, wala pembe zake hazina. Ukimshika kwa nguvu atafunua kinywa, atavuma kama nyoka na labda atakuuma kidogo. Ni hofu yake tu.

Basi fanyeni hivi:

Kwanza, mkimwona kinyonga chini shambani, msipige jembe. Mtazameni. Kama hana pembe na tumbo lake ni pana, ni mama anayetafuta mahali pa kuzalia. Mwacheni amalize. Ataondoka mwenyewe siku ile ile.

Pili, mahali alipofukia mayai, simika kijiti. Lima pande zote, uliache eneo dogo lile kama upana wa ungo. Hutapungukiwa na chakula kwa sababu ya ungo mmoja.

Tatu, jembe likifukua mayai kwa bahati mbaya, msiyageuze juu chini. Yarudishe jinsi yalivyolala, yafunike kwa udongo wenye unyevu, usishindilie sana.

Nne, acheni vichaka na miti katika mipaka ya shamba, wala msichome moto kila mwaka mpaka kwenye ukingo wa msitu. Kinyonga hana mbio. Moto ukija, ndege huruka na panya huingia shimoni; yeye hushika tawi lake, akafa.

Tano, mwenye kupulizia dawa ya wadudu afuate kipimo. Dawa inayomwaga wadudu wote humnyima kinyonga chakula, tena humpa sumu.

Sita, mtu akija kuwaambia mkamate vinyonga awanunue, mjue ya kuwa kuna mkataba wa mataifa, uliofanywa Washington mwaka 1973, unaosimamia biashara ya wanyama wa porini kutoka nchi hata nchi, na vinyonga hawa wamo. Hawauzwi ng'ambo bila ruhusa ya serikali. Hata msitu wetu wa Itombwe uliwekwa kuwa hifadhi mwaka 2006, maana una wanyama ambao dunia haina wengi wa namna yao.

Maswali yaliyoulizwa

Mzee mmoja aliuliza: "Umesema ni mume na mke. Lakini mimi nimewaona pamoja, na yule asiye na pembe alimfokea mwenzake kwa kinywa wazi, akayumbayumba na kuwa mweusi. Je, hiyo ni ndoa gani?"

Jibu: Mzee, macho yako ni mazuri. Jike aliyekwisha kubeba mayai hamtaki dume tena. Hubadili rangi, hufunua kinywa na kuyumba, ili dume ajue na kwenda zake. Si vita ya kabila mbili, ni mama anayesema, "Niache, nina kazi."

Mama mmoja aliuliza: "Pembe zake si dawa? Nimesikia watu wakizitafuta."

Jibu: Mama, pembe ile nje ni kitu kama kucha. Mwenye kukuuzia pembe ya kinyonga kuwa dawa, mwambie akate kucha zake mwenyewe azinywe, tuone kama atapona.

Kijana mmoja aliuliza: "Tukiua dume mmoja na jike mmoja, hasara si ni ile ile?"

Jibu: La. Dume mmoja akifa, dume mwingine atakuja katika tawi lake, na majike watazaa vilevile. Lakini jike akifa wakati wa kutaga, hakuna mwingine atakayetaga mayai yale. Ninyi mwajua katika zizi: ukipoteza fahali mmoja waomba wa jirani, ukipoteza mitamba, zizi limekwisha. Na desturi yetu imekuwa kinyume: anayeshuka chini ndiye tunayempiga, naye ndiye mama.

Mtoto mmoja aliuliza: "Nikimwona kwenye tawi, nimfanye nini?"

Jibu: Hesabu pembe. Kama ni tatu, sema, "Baba." Kama hakuna hata moja, tazama shina la mkia na tumbo, kisha useme unaloliona. Halafu mwache pale pale, uende shuleni.

Mwisho

Siku ile niliondoka katika shamba la yule mama bila maneno mengi. Tuliyakusanya mayai ambayo hayakupasuka, tukayafukia kando ya shamba chini ya kichaka, naye akasimika kijiti. Sikujua kama yatafaa, maana yalitolewa kabla ya siku zake. Lakini alipokuwa akisimika kijiti kile aliniuliza, "Basi yule wa juu ya mti, aliyeko pale kila siku, ni mume wake huyu?" Nikamwambia, "Yawezekana, mama." Akanyamaza. Kisha akasema, "Nitawaambia watoto."

Nami nawaomba ninyi nyote mliofika sokoni leo mfanye kama yeye: mwende mkawaambie watoto. Wao ndio wanaochunga, wao ndio wanaotupa mawe, nao ndio watakaolima mashamba haya baada yetu.